Ng'ombe Sita kwa Futi Arobaini

Jumatatu, 16 Julai 1990

Ndugu zangu katika mapambano! Ninyi kurasa tupu za daftari hili, hadhara pekee iliyonibakia tangu chuo kifungwe na sisi wanafunzi turudishwe makwetu kwa kosa la kusema: nawasalimu. Miezi miwili iliyopita nilihutubia ukumbi uliojaa hadi madirishani. Leo asubuhi nimehutubia mbuzi. Hawakupinga hoja hata moja.

Nipo nyumbani, Manyamanyama, Bunda. Pamba imepasuka shambani. Mama anasema mwanafunzi aliyegoma ana mikono miwili kama mtu mwingine. Nilimweleza historia ya mgawanyo wa kazi katika jamii, tangu ujima. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akanipa gunia.

Tulifikia mwafaka. Nisichume pamba. Nichome nyasi kwenye kiwanja kilicho nyuma ya ghala la zamani la pamba, panya wanazaliana humo. Ni ardhi tambarare, imepakana na shamba letu, na hakuna anayeilima. Niliuliza sababu. Mama akasema hailimwi tu. Katika nchi inayopanga foleni ya sukari, ardhi hailimwi tu! Huo ndio unyonge wa fikra.

Nyasi ziliisha kuungua saa nne. Moto haukuisha. Katika ufa mmoja ulibaki ulimi wa buluu, mrefu kama kiganja, bila kuni, bila mkaa, bila moshi. Saa tisa ulikuwa unawaka bado. Nikateka maji, nikachemsha chai juu yake.

Ndugu zangu, ni gesi asilia. Nimesoma habari zake katika kijitabu kizima, isipokuwa kurasa za mwisho, ambazo zilikuwa zimechanika. Nilimpelekea Mama kikombe. Alikataa kunywa. Ushirikina!

Jumatano, 18 Julai

Msomi hakurupuki. Msomi hupima. Nimegawa ukurasa sehemu mbili kwa rula.

Faida: umeme kwa wilaya nzima. Mitambo ya kuchambua pamba isiyosimama kwa kukosa dizeli. Ukombozi wa mwanamke kutoka kwenye kuni. Kiwanda cha mbolea. Kukoma kwa utegemezi. (Nilijaza kurasa tatu, kalamu ikaisha wino.)

Hatari: 1. Huenda gesi haipo. Nimeifuta, nimekunywa chai yake. 2. Huenda ipo kidogo. Hii nimeiacha, kwa heshima ya sayansi.

Kinachokosekana ni mtaji. Mtaji upo zizini. Ng'ombe wanane, mahari ya dada yetu aliyeolewa Bweri. Baba alipofariki aliacha neno, na ni desturi ya kila boma hapa: ng'ombe wa dada humwoza kaka. Kaka huyo ni mdogo wangu Masatu. Ameshaposa. Msichana anaitwa Marcelina, wa Butiama, na siku ya kupeleka ng'ombe imekwisha kutajwa: Jumamosi, tarehe 11 Agosti.

Naandika ukweli, kwa kuwa daftari si mkutano. Masatu aliacha masomo darasa la saba akachunga ili mimi niendelee. Sanduku langu la bati la shule lilitokana na mbuzi wake. Ng'ombe hawa si wangu kwa namna yoyote. Ndiyo maana nitawaazima tu. Gesi ikitoka kabla ya tarehe 11, wanarudi kumi na sita.

Mama amesikia. Amesema neno moja: hapo pasichimbwe. Nilimtaka atoe hoja. Akaendelea kuchuma pamba.

Ijumaa, 20 Julai

Musoma. Nimempata Bwana Mseti, fundi wa visima, anayehifadhi nyuma ya nyumba yake mtambo uliobaki baada ya mradi wa maji kufa: miti mitatu ya chuma, gurudumu, kamba, keekee nene kama paja, na mabomba. Huzungushwa na wanaume sita. Mtu wa maneno machache. Bei yake ni ng'ombe sita kwa futi arobaini, malipo kabla ya kazi.

Nilimwuliza itakuwaje gesi isipotokea. Akasema: "Mimi nauza shimo. Kilichomo ndani si changu."

Kauli ya kibepari kabisa. Nilikubali masharti kwa shingo upande.

Kwa bahati mbaya nilipitia mtaa wa Mukendo, na Mukendo yupo Clementi. Tulisoma naye sekondari. Alipata sifuri kidato cha nne, na mimi ndiye niliyemfariji, kwa hotuba. Sasa biashara zimekuwa huria, na sifuri imenunua mashine ya kusaga. Foleni ya akina mama ilifika barabarani. Aliniita "Profesa" mbele yao wote, nao wakacheka kabla hata sijasema kitu.

Nilimfunulia mradi, nikitarajia aombe hisa. Badala yake akaniuliza gesi ya Songosongo iligunduliwa lini. Nikamjibu: sabini na nne. Akauliza imewasha taa ngapi mpaka leo. Nikamwambia hilo ni swali la kisiasa. Akasema la kwake ni la kihesabu: kama ya serikali imekaa chini miaka kumi na sita, ya nyuma ya ghala itawashwa mwaka gani? Kisha akafuta unga mikononi.

"Mwache Masatu aoe kwanza, Profesa. Gesi haiozi."

Angalia upeo wa mfanyabiashara mdogo! Haoni mbali ya debe.

Jumapili, 22 Julai

Mkutano wa hadhara, baada ya misa, palepale kiwanjani. Walifika watu kama hamsini. Mimi mwenyekiti, mimi katibu, mimi msemaji mkuu. Nilizungumza saa moja na dakika ishirini. Nilitangaza hisa za umma: atakayetoa nguvu kazi ya kuzungusha mtambo atapata sehemu. Waliandikishwa vijana kumi na wawili.

Nilishangazwa na wazee. Hawakusema lolote. Hakuna aliyepinga, hakuna aliyeunga mkono. Waliangalia ardhi, wakaangaliana, wakaangalia tena ardhi. Sijawahi kuona umoja wa namna hiyo. Nikauandika kwenye kumbukumbu: wazee wote wameridhia kwa ukimya.

Kasoro ilikuwa moja tu. Mzee Mhoja, aliyekuwa karani wa kupima pamba katika ghala lile miaka ya shida, alisimama akasema kwamba hapo chini palikuwaga na jambo. Nikamwambia yuko nje ya ajenda. Akasimama mara ya pili. Nikamwambia ajenda haijabadilika. Mara ya tatu nilimwomba aheshimu utaratibu, la sivyo nitamtoa nje. Tulikuwa nje tayari. Watu walicheka, yeye akakaa, na wazee wenzake wakampigapiga begani kama mtu aliyeokolewa.

Mama hakuhudhuria. Alikuwa anachambua pamba chafu na safi mlangoni. Niliporudi aliniuliza kama Mhoja amesema. Nikajibu kwamba nilimdhibiti. Akashusha pumzi. Sikujua kama ni ya nafuu au ya huzuni, wala sikuuliza.

Jumatano, 25 Julai

Butiama, pamoja na Masatu. Nilisisitiza kwamba bibi harusi naye ni mdau, ashirikishwe. Baba yake, Mzee Magige, alikuwa malishoni; tukapokewa na Marcelina. Binti mtulivu, alikuwa anapepeta ulezi. Nilimweleza kwamba atakuwa mwanamke wa kwanza mkoani kupika bila moshi machoni. Macho yake ni mekundu kweli, ya kuni. Nilimwona akilifikiria jambo hilo, na Masatu alimwona pia. Naamini hapo ndipo mdogo wangu alipokata shauri.

Marcelina akauliza: isipotoka?

Nilimjibu kwa dakika arobaini. Nilipitia nishati, historia, uwiano wa hatari na faida, na nafasi ya bara letu katika uchumi wa dunia. Alipepeta ungo mzima. Nilipomaliza akauliza tena, kwa maneno yaleyale: isipotoka?

Tukaaga.

Njiani, tulipokaribia Bunda, Masatu alisimama. Hapo akaniuliza kama nina hakika. Sikuwa nayo. Nilikuwa na uhakika wa moto, wa chai, wa kijitabu. Nilikuwa na hofu moja ndogo, ile namba mbili. Ningeweza kumwambia. Nikasema: nina hakika.

Akasema sawa, kaka. Wachukue sita. Wawili wabaki, zizi lisilale tupu.

Jumamosi, 28 Julai

Watu wa Mseti wamekuja kuswaga ng'ombe. Masatu aliwasindikiza hadi njia panda, akimwita kila ng'ombe kwa jina. Mimi nilibaki kuandika hotuba ya uzinduzi.

Ijumaa, 3 Agosti

Siku tukufu! Mtambo umesimama. Na dunia nayo imeamua kunithibitisha: redio imetangaza kwamba Iraki imeivamia Kuwaiti. Mafuta! Dunia inapigania mafuta, na Manyamanyama inachimba gesi! Nilisimama juu ya bomba nikawatafsiria wenye hisa hali ya kimataifa. Dukani tayari wanaficha mafuta ya taa. Mseti aliomba nishuke, kwa kuwa bomba lilikuwa linahitajika.

Futi tano. Udongo mweusi. Wazee wanapita mbali, wamegeuza nyuso.

Jumatatu, 6 Agosti

Futi tisa. GESI!

Ilitoka kwa mlio kama wa nyoka. Mseti aliwafukuza watu, akafunga kitambaa kwenye mti mrefu, akawasha. Moto ulisimama kumpita mtu urefu. Buluu chini, manjano juu. Vijana walilia. Mimi nililia. Kina mama walileta mahindi, wakachoma, wakala. Masatu alisimama pembeni akiutazama, akitabasamu kama alivyokuwa akitabasamu utotoni, na nikasema moyoni kwamba mbuzi wako, ndugu yangu, wamelipwa.

Clementi alikuja kwa baiskeli kutoka stendi, kwa kuwa habari zilifika Musoma. Aliuzunguka moto mara mbili. Akavua kofia. Akakiri kwamba ameshindwa, na akauliza kama hisa bado zipo. Nilimwambia daftari la hisa limefungwa. Nakiri, sijawahi kutamka sentensi tamu kama hiyo.

Mtu mmoja tu hakuja kuchoma hindi. Mama alifunga mlango na dirisha, mchana kweupe.

Jumanne, 7 Agosti

Asubuhi moto ulinifika kiunoni. Mchana magotini. Saa kumi ulikuwa kama wa kibatari. Jua likizama, Mseti alichungulia bombani, akasema umekwisha.

Nimewaeleza wenye hisa kwamba hiki kilikuwa kifuko cha juu tu. Akiba kuu iko chini. Kijitabu kinasema hivyo, au kingesema, katika zile kurasa zilizochanika. Tuendelee kuchimba.

Jumatano, 8 Agosti

Futi kumi na nne. Keekee imetoa kitu cheusi, chenye nyuzi, chenye utelezi. Harufu yake iliwatawanya wenye hisa saba papo hapo. Mimi nilikishika kwa mikono miwili, nikatangaza kwamba ni mabaki ya mimea ya kale, umri miaka milioni mia moja, chimbuko lenyewe la gesi.

Mseti akazungusha tena. Safari hii keekee ilitoka na kipande cha gunia. Gunia lilikuwa na muhuri. Muhuri ulisema: Msimu 1981.

Mimea ya kale haivai gunia.

Ndipo Mzee Mhoja akasogea. Hakuomba nafasi kwa mwenyekiti. Alikiangalia kile kipande kama mtu anayekutana na mwenzake wa jela.

"Tulikuwaga tunaimwagia maji pamba, ili iwe nzito kwenye mizani. Wote hapa. Mimi nilikuwa napima, nilijua, na yangu niliimwagia pia. Malori hayakuja mwaka ule. Ikaoza ghalani, tukaizika hapa. Halafu ukaja msako wa wahujumu uchumi, tukaapa kila mtu afunge mdomo."

Nikamwuliza, kwa hasira ambayo haikuwa na mahali pa kwenda, kwa nini hakusema.

"Nilisimama mara tatu, kijana."

Nilitazama umati, nikaelewa ule umoja wa wazee. Hawakuwa wameniunga mkono. Kila mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia lake.

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa kitako mlangoni. Hakungoja niulize. Alisema ilikuwa ndoo mbili tu, na ilikuwa ada yangu ya kidato cha kwanza. Alisema amekaa miaka tisa akiomba nisije nikajua kwamba niliingia shule kwa maji. Alidhani neno la mama, pasichimbwe, lingetosha. Kisha akauliza kama Masatu amekwisha kusikia.

Masatu alikuwa nyuma yangu.

Ijumaa, 10 Agosti

Mseti amemaliza futi arobaini, kama mkataba unavyosema. Chini ya pamba ni mwamba. Chini ya mwamba ni mwamba. Nilimwomba arudishe walau ng'ombe wawili. Alisikitika kwa dhati, nadhani. Aliniuliza kama shimo lina kasoro. Nililipima. Halina.

Clementi ameleta salamu kwa kondakta wa basi. Anashukuru sana kwa mimi kumfungia daftari la hisa.

Kesho ni tarehe 11.

Jumamosi, 11 Agosti

Butiama, na ng'ombe wawili. Tuliwaswaga tangu jana jioni. Niliandaa hotuba ya kuomba radhi, kurasa sita. Nilijisemea moyoni kwamba sijawahi kuandika kitu bora.

Mzee Magige alisimama mlangoni mwa zizi. Ukweni ng'ombe huhesabiwa mmojammoja wanapoingia, na wazee wa ukoo huwa wamejipanga. Walikuwa wamejipanga. Aliwatazama wale wawili, akatazama njia nyuma yetu kama kuna wengine wanaofuata, kisha akawaambia wazee waende kivulini. Hakuhesabu. Wawili hawahesabiwi.

Nilifungua karatasi zangu. Masatu akaninyang'anya, taratibu, akazikunja, akaziweka mfukoni mwake. Alieleza mwenyewe. Ilimchukua sentensi mbili.

Hakuna aliyetutukana. Ningetamani watutukane. Walitupa uji, tukanywa. Mzee Magige alisema mahari haipokelewi vipande, turudi nao hao wawili. Kama wanane watatimia msimu ujao wa kuchuma pamba, na asipotangulia mwingine mwenye wanane, mlango uko pale pale. Marcelina alikuja kuchukua vibuyu. Alimwambia Masatu kwamba yeye atangoja, lakini masikio ya baba yake si yake kuyaziba, mposaji mwingine akija. Mimi hakuniambia kitu. Alikuwa ameshauliza mara mbili.

Njia ni ndefu kutoka Butiama hadi Bunda nyuma ya ng'ombe wawili. Tulipofika mlima wa mwisho Masatu alisema, bila kugeuka:

"Kaka, ungeniambia huna hakika, ningekupa tu. Ila ningejua natoa nini."

Ndugu zangu kurasa, nimepigwa mabomu ya machozi. Hayakuniliza hivi.

Jumapili, 12 Agosti

Masatu ameondoka asubuhi kwenda Mukendo. Atabeba magunia kwenye mashine ya Clementi hadi ng'ombe sita wapatikane. Clementi amempa kazi bila kuuliza swali wala kutoa utani, jambo ambalo sitamsamehe. Nilimsindikiza hadi stendi. Alinishika mkono kwa muda mrefu. Alisema ng'ombe wale wawili ni mwanzo wake wote sasa. "Walinde, kaka. Usiwafikirie."

Najuta. Naliandika neno hili bila alama ya mshangao. Nilipima hatari zote isipokuwa ile iliyokuwa mbele yangu: kwamba aliyebeba hatari hakuwa mimi. Nilimnyamazisha mzee aliyejua. Nilimhutubia binti aliyeuliza. Nimeazimia: sitaitisha mkutano tena, sitagawa ukurasa kwa rula tena. Nitachuma pamba. Nimechuma robo gunia. Mama ameliona, akanichemshia chai kwa kuni.

Baada ya hapo nilikwenda zizini kuwalinda ng'ombe, kama nilivyoagizwa. Nimekaa nao tangu saa saba. Hakuna lingine la kufanya zizini ila kutazama.

Ng'ombe, ndugu zangu, hutoa samadi.

Pamba iliyooza ilitoa gesi: hilo limethibitishwa mbele ya mashahidi hamsini. Samadi nayo huoza. Shimo tunalo, futi arobaini, halina kasoro. Gesi si ya kutafutwa, ni ya kutengenezwa! Hapo hatari ya kukosa haipo kabisa! Moto wa buluu utarudi, Masatu atarudi, Marcelina hatapuliza jiko maisha yake yote. Kinachohitajika ni pipa la kufunikia, bomba la inchi moja, na saruji. Gharama yake yote ni ng'ombe wawili.

Nimegawa ukurasa kwa rula.

Faida: tazama tarehe 18 Julai.

Hatari: tukiwatoa ng'ombe, hakutakuwa na samadi. Nimeifuta.

Mkutano wa hadhara utafanyika Jumapili ijayo, tarehe 19, saa tano kamili, watu watokapo misani, shimoni. Wenye hisa wote waje na ndoo. Safari hii Mzee Mhoja atapewa dakika mbili.